Mlango Ambao Babu Hakuuvuka

Kiangazi kilichopita binti wa ndugu yangu alinipigia simu kutoka karibu na Nyaramba. Nyumba yao ilikuwa imeungua. "Shangazi," alisema, "watu wote wametoka salama, lakini vitu vimekwisha. Tuanze wapi?" Nilimwambia nakuja, nikafunga mlango wangu hapa Nyamira mjini, nikaenda.

Nilikuta mabati yamejikunja kama majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni, na vijana wamesimama barabarani wakipiga picha kwa simu zao. Kila aliyefika aliuliza swali lilelile, mara nyingine kabla hata ya kutoa pole: "Ilianzaje?" Binti aliwajibu wote, mmoja baada ya mwingine, midomo imemkauka. Nilimshika mkono, nikamketisha juu ya beseni lililopinduliwa, nikamwomba jirani yake kikombe cha uji. Sikuwa nimepanga. Mikono ilikumbuka yenyewe. Uji ulipoletwa, ilikuwa imenirudia ile Ijumaa nyumba ya mama ilipoungua.

Nitakusimulia kwa utaratibu, rafiki yangu, kama nilivyoiona na kama nilivyokuja kuwauliza waliokuwepo.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Boma letu lilikuwa kwenye mteremko juu ya kijito, mwendo mfupi kwa miguu kutoka soko la Ekerenyo. Kama ulikulia huku, unazikumbuka nyumba za nyasi za wakati huo: za duara, kuta za udongo, paa limeshuka mpaka karibu limguse mtoto kichwani. Ndani, juu ya mafiga, palikuwa na dari ya fito ambako mama aliweka wimbi, mahindi ya mbegu na kuni za kukaushwa. Moshi ulipanda hapo kutwa, ukazipaka fito weusi wa kung'aa. Tulikwenda shuleni na harufu hiyo kwenye nguo zetu. Mwalimu wetu, mgeni aliyetoka upande wa ziwani, alikuwa akisema anaweza kutuita majina amefumba macho, kila nyumba kwa moshi wake.

Boma lilikuwa na nyumba mbili. Ya juu ilikuwa ya babu na nyanya, ya chini ya mama. Baba alikuwa mwashi mjini Kisii na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Katikati ya nyumba hizo mbili lilisimama ghala la wimbi, na kivulini mwake ndimo babu alimoshinda, akisokota kamba za katani pajani. Alikuwa mrefu, mkimya, na kofia ya kitambaa ambayo hakuivua ila kanisani.

Mwenzake wa kivulini alikuwa mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuunganisha maneno. Hao wawili walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi babu alishuka mpaka mlangoni kwa mama, akasimama nje ya kizingiti, akapiga mluzi mfupi, kisha akaita, "Mama, toka! Jua limekushinda!" Huku kwetu mtoto wa kike huitwa mama hata kabla hajaota meno. Mdogo wangu alikuwa akitoka mbio, uji bado shavuni, akaenda zake amemshika babu kidole. Walikula ndizi za kuchoma pamoja. Mama alikuwa akisema yule mtoto alizaliwa na yeye lakini analelewa na kamba za katani.

Babu hakuingia kumchukua. Hakuwahi kuingia hata mara moja. Kwa wasiojua, niseme: sisi tulikuwa na chinsoni. Ni aibu yenye heshima ndani yake, mpaka unaowekwa kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mzee hakuvuka kizingiti cha nyumba ya mkwe wake. Hakupaswa kuona kitanda chake wala nguo zake. Mama naye hakumpa babu mkono, hakukalia kiti chake, na alipokutana naye njiani alitoka pembeni na kutazama chini. Chakula chake alikipika yeye, lakini nilikipeleka mimi. Nadhani walipendana kama baba na binti. Upendo wenyewe ulipita kwenye mikono ya watoto, ukiwa kwenye sahani.

Kwetu sisi Waadventista, Ijumaa ni siku ya maandalio. Chakula cha Sabato, yaani Jumamosi, hupikwa mapema ili jua likizama moto usikokwe kwa kazi. Kwa hiyo kila Ijumaa kijiji kizima kilinuka maharagwe. Mama alibandika chungu kikubwa mchana, akasukuma kuni nene chini yake, akambeba ndugu yangu mchanga mgongoni na kikapu cha majani ya chai kichwani, akaenda kituoni ambako lori lilikuja kuyachukua. Nyanya alikuwa sokoni. Mdogo wangu alikuwa amelala ndani. Mama alisema, kwa kupitia mimi kama ilivyokuwa desturi, "Mwambie babu mtoto amelala." Nilimwambia. Babu akaitikia kwa kichwa, akiendelea kusokota. Kisha nikachukua mtungi, nikashuka kijitoni, kwa sababu nyumba isiyo na maji jioni ya Ijumaa ilikuwa ni aibu.

Ilikuwa Januari. Upepo wa Januari huku kwetu ni mkavu, unatoka juu mlimani na kupita ndani ya nyumba kama mtu anayetafuta kitu. Nikiwa bado kijitoni nilisikia mluzi wa babu. Nikasikia akiita, "Mama, toka! Mama, toka!" Nikafikiri wanacheza. Kisha sauti ikapanda, na maneno yakawa yaleyale.

Nilipofika juu, nyasi za upande wa nyuma zilikuwa zinawaka tayari. Babu hakuwepo mlangoni. Nilimwona akitokea kwenye migomba ya jirani, anakimbia jinsi mzee anavyokimbia, na mbele yake jirani mwenyewe, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, kitambaa kimemwanguka. Jirani aliingia ndani ameinama. Babu alisimama kwenye kizingiti, mikono amenyoosha mbele, kama mtu anayepokea kitu kupitia dirishani. Jirani alitoka na mdogo wangu.

Alikuwa amejificha chini ya kitanda cha mama. Watoto hufanya hivyo. Wakiogopa huenda mahali penye harufu ya mama yao.

Hakuwa ameungua sana. Ulikuwa ni moshi. Wanaume waliokuwa wakichimba mtaro karibu walimlaza kwenye machela ya magunia, na kwa kuwa lori la chai ndilo gari pekee lililofika huku, wakakimbia naye kuelekea kituoni. Niliwafuata. Mama alikuwa kwenye foleni. Alituona tukiteremka, akatuangalia kama anavyoangalia mtu watu wa mbali wenye msiba wao, akisikitika. Kisha akaniona mimi nyuma ya machela.

Mdogo wangu hakupanda lori. Alikuwa amekwishakata pumzi walipomweka chini. Kikapu cha mama kilianguka na majani yakatapakaa. Ninachokumbuka zaidi ya kilio chake ni kwamba watu wote pale kituoni, wakienda na kurudi, waliyaruka yale majani. Hakuna aliyeyakanyaga.

Sasa nikueleze yale ambayo watu walijua kuyafanya, maana ndiyo yaliyonifanya niombe uji kule Nyaramba.

Tuliporudi nyumba ilikuwa chini. Nyanya alikuwa amefika kutoka sokoni. Watu walijaa uani, na mmoja, mwanamume aliyependa kujua mambo, akafungua kinywa: "Kwani moto huu ulitoka..." Hakumaliza. Nyanya alimkata: "Wewe! Aliyeunguliwa haulizwi mpaka anywe uji." Jirani, masizi usoni bado, akaongeza, "Na akishakunywa, utakuwa umeshakwenda kwako." Swali hilo halikurudi tena, siku hiyo wala mwaka huo. Kila mtu alijua kuhusu chungu cha maharagwe. Mama alijua kuliko wote. Waliona kwamba kumuuliza ni kumrudisha ndani ya moto.

Baada ya uji walihesabu watu, wakituita kwa majina, hata mimi niliyekuwa nimesimama mbele yao, na kila mmoja alipaswa kuitika. Walipofika jina la mdogo wangu nyanya aliitika badala yake. Kisha walitugawa. Mama, mtoto mchanga na mimi tulikwenda kwa jirani, kwa maana mama hakuweza kulala katika nyumba ya wakwe zake alimolala babu. Baba, aliyefika siku iliyofuata, alilala kwenye kibanda cha vijana wa jirani, kwa kuwa mwanamume aliyeoa hapaswi kulala kwa mama yake. Kila mtu alipata pa kuweka kichwa bila ya kuvunja mpaka wa mwenzake. Wageni wangeona ni mchezo wa kubahatisha, lakini wazee waliyapanga hayo wamesimama, kwa maneno machache.

Majivu hayakuguswa. Hakuna aliyeokota hata sufuria mpaka mwenye nyumba aseme. Wala kaa la moto halikuchukuliwa pale, ingawa yalikuwepo mengi. Moto wa kupikia ulitoka kwa jirani, ukabebwa kwenye kigae. Sabato nzima mdogo wangu alilala nyumbani kwa nyanya, amefunikwa shuka la mtu mwingine, na kanisa lote likaja likaimba taratibu uani. Jumapili tukamzika kando ya ghala.

Baada ya maziko vitu vilianza kuja. Vililetwa na watoto, tena vimefunikwa, ili mama asilazimike kumshukuru mtu mzima: kibuyu cha maziwa, mkungu wa ndizi, unga wa wimbi, blanketi lenye tundu lililoshonwa kwa uzi mwekundu. Mtu mmoja alileta mtetea mmoja na kusema tu, "Huyu amepotea njia." Nguo yangu ya shule ilikuwa imeungua. Nilikwenda na gauni la binti wa jirani lililonifika miguuni. Mwalimu aliniketisha dawati la mbele, na mtoto mmoja aliponicheka, mwalimu akamwambia aje afute ubao, akamfutisha ubao safi mpaka kengele ikalia.

Na nyumba ikajengwa. Huku kwetu watu wa ujirani walikuwa na kikundi cha kulimiana mashamba kwa zamu, leo kwako kesho kwangu. Siku ile zamu haikuwa yetu, lakini walikuja. Wanaume walikata miti, wanawake walibeba nyasi na kukanyaga udongo. Palikuwa na huzuni, lakini kazi ina mdomo wake. Nilimsikia jirani akimwambia kijana aliyekuwa juu ya paa, "Shemeji, fito zako zimepinda kama miguu yako. Utatuezekea nyumba au utatuezekea ng'ombe?" Kijana akajibu, "Miguu hiihii ndiyo iliyokuletea maji mwaka jana ulipozaa." Watu wakacheka, kisha wakakumbuka, wakainamia kazi.

Babu hakuja kujenga. Alikaa kwenye kivuli cha ghala, mahali pale pale, kando ya kaburi jipya, mikono imelala magotini. Kamba aliyokuwa akiisokota Ijumaa ile ilibaki nusu. Nilimpelekea chakula kilichopikwa na mama kwa jirani, maana mama hakuacha kumpikia hata siku moja. Alikula kidogo, akanirudishia sahani. Mama naye, niliporudi, aliitazama sahani na kukiona kilichobaki, akaiosha.

Hapo ndipo nilipokuja kuelewa jinsi walivyofungwa. Mama alikuwa na neno moja lililomjaa kifuani, na mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja, na desturi haikumruhusu kumtazama usoni. Babu naye alikuwa na msamaha wa kuomba na hakuwa na njia ya kuufikisha. Mambo kama hayo hayapiti kwenye mikono ya mtoto.

Nyumba ilikuwa tayari kabla ya mvua za masika. Nyasi mpya zilikuwa za rangi ya asali, udongo bado unanuka maji. Ilibaki jambo moja, na hilo lilikuwa la mama peke yake. Mwenye nyumba ndiye anayewasha moto wa kwanza kwenye mafiga. Asipowasha, ile si nyumba, ni kivuli cha fito. Mama hakuwasha. Kila siku nyanya alimkumbusha kwa upole, na kila siku mama alisema, "Kesho, mama." Tukaendelea kulala kwa jirani.

Kisha akaja mjomba, kaka yake mama, kutoka upande wa Tabaka, viatu vyeupe kwa vumbi la mawe yanayochongwa kule. Alikunywa chai, akasalimia vizuri, kisha akasema alichojia. "Nimekuja kumchukua dada yangu. Nyumba haitaki kuwaka." Baba aliinamisha kichwa. Nilijua maana yake, hata kwa umri wangu. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwishatolewa. Mama akienda, sisi tungebaki, kwa sababu watoto ni wa boma. Mtoto mchanga angekwenda naye mpaka aache ziwa, kisha angerudishwa. Mimi nisingekwenda kabisa. Nilikwenda nyuma ya migomba ya jirani nikashika shina moja kwa mikono miwili, kana kwamba ndilo linalotaka kuondoka.

Jirani ndiye aliyemtoa mama neno. Alimwuliza mbele ya wote, "Wewe mke wa mwanangu, unataka nini? Sema. Tumekuezekea, tumekukandikia. Hata vumbi la mjomba wa watoto wako tumelipangusa. Kimebaki nini?"

Mama akasema, polepole, "Nataka aniambie kwa kinywa chake kwa nini alisimama mlangoni. Akiniambia nitawasha. Asiponiambia nitakwenda na kaka yangu."

Mwanamke kumwita baba mkwe wake ajieleze! Mzee mmoja wa kanisa alisema kwamba Mungu hakuandika chinsoni kwenye zile amri kumi. Mzee mwingine, asiyekuwa wa kanisa, akamjibu, "Hakuandika pia kwamba usimwonyeshe mkweo matako, lakini umevaa suruali." Walibishana mpaka nyanya akapata njia. Mama angekaa ndani ya nyumba mpya. Babu angesimama nje. Ukuta ungekuwa katikati, mlango wazi, na nyanya akiwa ameketi kwenye kizingiti. Hakuna atakayemwona mwenzake. Sauti tu ndiyo itakayovuka.

Ilifanyika asubuhi, watu wamesimama mbali, kwenye ghala. Mimi nilikuwa ndani na mama, nimembeba mtoto mchanga. Mama aliketi kwenye mkeka karibu na mafiga mapya, kuni zimepangwa, kaa la jirani liko kwenye kigae linapoa. Tulisikia nyayo za babu zikishuka, zikasimama. Akavua kofia. Nilijua kwa sababu niliiona ikianguka chini kando ya mguu wa nyanya.

Alisema, "Mke wa mwanangu. Nilimwita. Siku zote nikimwita hutoka. Nilisema sasa atatoka. Nikaita tena. Moshi ukawa mwingi, nikainua mguu. Nikaiona nguo yako imetundikwa kwenye mti wa ndani." Nyanya hakugeuka. "Mguu ukarudi wenyewe. Nikasema nikimbie nimlete mwanamke. Nilimwogopa nani? Hapakuwa na mtu wa kuniona. Niliogopa nguo kuliko nilivyoogopa moto. Hilo ndilo nililo nalo. Sina lingine."

Mama alikuwa akitazama mafiga. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaanguka kwenye udongo mpya na kuacha alama. Kisha alifanya jambo ambalo hakuna mzee aliyelipanga. Aliinuka, akasogea mpaka karibu na mlango, bado nyuma ya ukuta, akasema maneno mawili ya Kigusii ambayo mkwe hamwambii mkwe: "Tata, soa." Baba, ingia.

Nyanya alishtuka, akainuka kwenye kizingiti, akakaa pembeni. Mlango ulikuwa wazi. Niliona miguu ya babu, mikubwa, imepasuka visigino. Mama akarudia, "Ingia, baba. Mimi ndiye mwenye nyumba. Nimekuita." Mguu wa kulia uliinuka. Niliuona ukiinuka, ukawa hewani juu ya kizingiti. Mkono wake ulishika mwimo wa mlango mpaka udongo mbichi ukaingia chini ya kucha. Nilimsikia akipumua kama mtu aliyebeba gunia. Ule mguu ukarudi nje.

"Siwezi," alisema. "Mwanangu, siwezi. Hata sasa siwezi."

Akaketi pale chini, nje, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia mwanamume mzee akilia kwa sauti, na sijamsikia mwingine tangu hapo.

Mama alibaki amesimama nyuma ya ukuta. Baadaye sana, nilipokuwa mtu mzima mwenye nyumba yangu, nilimwuliza alifikiri nini dakika ile. Aliniambia, "Nilikuwa naamini hakutaka. Kumbe mtu aliitwa na mimi mwenyewe, hakuna moto, hakuna haraka, na bado mguu haukupita. Ndipo nikajua mwanangu hakuuawa na mtu." Asubuhi ile mama akarudi kwenye mafiga, akainama, akapuliza lile kaa. Lilikuwa karibu kuzima. Alipuliza muda mrefu mpaka likashika. Moshi ulipopenya kwenye nyasi mpya watu kule ghalani waliuona, na jirani akapiga kigelegele kimoja kifupi kilichokatika njiani.

Mjomba alirudi Tabaka peke yake. Mama alizeekea pale. Hakukuwa na siku ambayo hao wawili walizungumza tena, na hakukuwa na siku ambayo babu alikosa chakula kutoka kwenye moto ule. Lakini hakuja tena kusimama mlangoni kwetu asubuhi, na mdogo wangu wa kiume alikua bila kujua kwamba babu yake anajua kupiga mluzi. Babu alifariki muongo mmoja haujatimia. Wanaume walipokuwa wakimwosha, jirani aliniambia jambo ambalo nimelibeba: kwamba ile Ijumaa babu alipomjia kwenye migomba, hakusema "nyumba inaungua." Alisema, "Nisaidie kuingia."

Leo huko kwetu huwezi kupata nyumba ya nyasi hata ya kumwonyesha mtoto. Dari zimekwisha na wimbi hununuliwa kwenye pakiti. Kile kikundi cha zamu za mashamba kimekuwa cha kuchangiana kwa simu, na nisiseme uongo, michango hufika upesi kuliko nyasi zilivyofika. Hakuna anayeitikia kwa niaba ya aliyekufa. Chinsoni nayo imekwenda, haikuagwa na mtu, kama mgeni aliyeondoka wakati watu wako jikoni. Wako wanaoililia. Mimi nikijaribu kuililia, naona mguu ule hewani. Nikijaribu kuilaani, naona sahani zilizokuja zimefunikwa, na wazee wakitutafutia pa kulala bila mtu kuaibishwa, na ninajua vyote vilitoka kwenye mfuko mmoja.

Sabato moja, mume wangu akiwa hai bado, baba yake alikuja kututembelea hapa mjini. Nilikuwa jikoni peke yangu. Mzee aliingia na soksi zake, akapita mbele ya mlango wa chumba chetu ulio wazi bila hata kugeuza shingo, akafunua sufuria yangu, akaonja kwa kijiko. "Mama," aliniambia, "hii nyama haina chumvi. Chumvi umeificha wapi?"

Nilimpa chumvi. Kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikasimama kando ya tangi la maji mpaka walipoanza kuniita.